Sedani ya stima ya bei nafuu: angalia betri kabla ya kubonyeza "Tuma"

Ukifungua simu siku hizi na kupitia kurasa za kuuza magari, hutakosa kuziona: sedani za kifahari za stima, zilizotumika Uingereza au Japani, zikiuzwa kwa bei ambayo ni kipande tu cha bei ya gari jipya. Tesla Model S. Porsche Taycan. BMW i4. Rangi inang'aa, viti vya ngozi, skrini kubwa kama runinga. Chini ya picha kuna maneno yale yale: "Tuma deposit leo, kuna watu watatu wanaliulizia."

Kazi yetu ni pesa zinazotembea kwa simu, si kuuza magari. Lakini jambo hili linatuhusu. Deposit hutumwa kwa simu. Ada za serikali hulipwa kwa simu. Tokeni za kuchaji gari hununuliwa kwa simu. Na mambo yakiharibika, mteja anatupigia sisi kwanza akiuliza kama pesa inaweza kurudi.

Kwa hivyo wacha tuseme msimamo wetu mapema. Sedani ya kifahari ya stima iliyotumika inaweza kuwa ununuzi mzuri, lakini kwa watu wachache kuliko matangazo yanavyotaka uamini. Kama huna mahali pako pa kuchaji, na huna akiba ya pembeni ya matengenezo, hilo gari si la bei nafuu hata likipunguzwa nusu. Na deposit isitoke kwenye simu yako kabla hujaona ripoti ya betri.

Kwa nini bei imeshuka hivyo?

Cha kwanza, hakuna anayekufanyia hisani. Magari ya kifahari ya stima hupoteza thamani haraka huko yanakotoka. Teknolojia inakimbia, na mwenye pesa ya kununua gari la kifahari anataka jipya. Januari 2023, Tesla ilishusha bei za magari yake mapya Marekani na Ulaya kwa kiwango kikubwa. Mpya ikishuka, iliyotumika haina budi kushuka zaidi. Aliyekuwa na gari la mwaka mmoja alilala tajiri akaamka na hasara.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara. Mwaka wa 2023 Tesla ilitangaza kwamba haitatengeneza tena Model S za usukani wa kulia. Toleo lililofanyiwa marekebisho makubwa mwaka wa 2021 halikuwahi kutoka kwa usukani wa kulia. Maana yake ni kwamba Model S inayoweza kuletwa Kenya ni ya toleo la zamani, na kila mwaka unaopita zinazidi kuzeeka bila mpya kuongezeka. Ukitaka kuliuza baada ya miaka mitatu, mnunuzi wako atajua hivyo pia.

Miaka 8 mara mbili

Hapa ndipo tunaomba usome polepole. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sasa angalia dhamana. Kampuni nyingi za magari ya stima, Tesla ikiwemo, hutoa dhamana ya betri ya miaka 8.

Umeona hesabu ilivyokaa? Gari la bei nafuu kabisa unaloweza kuleta kihalali ni lile lenye miaka saba au nane. Hilo ndilo gari ambalo dhamana yake ya betri iko mlangoni kuondoka. Na hata kama imebaki mwaka mmoja, dhamana ilitolewa kwa ajili ya eneo gari lilipouzwa. Likishapakiwa melini kuja Mombasa, usitegemee kwamba karatasi ya Uingereza itakutengenezea gari Nairobi. Tesla haina kituo rasmi cha matengenezo hapa Kenya.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia "betri ina warranty", muulize maswali mawili tu. Warranty ya nani? Inafanya kazi nchi gani? Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Kuchakaa si sawa na kufa

Watu wengi wanaogopa kitu kisicho na uzito mkubwa. Wanasema betri ya gari ni kama ya simu, baada ya miaka miwili imekwisha. Si kweli. Betri ya gari ina mfumo wake wa kupoza na kompyuta inayoilinda. Utafiti wa kampuni ya Geotab uliotolewa 2024 ulionyesha kwamba kwa wastani betri za magari ya stima hupungua uwezo kwa asilimia 1.8 kwa mwaka. Kwa miaka 8 hiyo ni kama asilimia 14. Gari lililokuwa likienda kilomita 400 sasa linaenda 340 na kitu. Kwa safari za Nairobi hata hutasikia tofauti.

Cha kuogopa ni betri kufa ghafla. Betri ya Model S ina maelfu ya seli ndogo zilizopangwa kwa mafungu. Fungu moja likiharibika, au maji yakiingia, kompyuta inaweza kuzima kila kitu hata kama sehemu nyingine ni nzima. Kule Marekani kwenyewe, kubadilisha betri ya Model S bila dhamana hugharimu zaidi ya dola 10,000. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 1,300,000, na bado hujalipa meli, ushuru wala fundi.

Na si betri pekee. Model S nyingi za kabla ya 2018 zilikuwa na shida ya kumbukumbu ndani ya kompyuta ya skrini. Ilichakaa kwa kuandikwa kila mara hadi skrini ikazima. Mwaka wa 2021, Tesla iliita magari karibu 135,000 ya Model S na Model X nchini Marekani kwa sababu ya hilo. Kwa gari ambalo karibu kila kitu hufanywa kwa skrini, hilo si jambo dogo. Uliza kama kifaa hicho kilibadilishwa, na uone karatasi.

Hesabu ya stima

Tusiwe watu wa kuogofya tu. Faida ipo, na ni kubwa. Wacha tuipige kwa bei za kukadiria, nawe ubadilishe kulingana na za mwezi huu.

Tuseme unaendesha kilomita 1,200 kwa mwezi. Sedani kubwa ya petroli inayokwenda kilomita 10 kwa lita itameza lita 120. Kwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni 21,600. Sedani ya stima ya ukubwa huo hutumia kama uniti 22 kwa kila kilomita 100, ukihesabu na stima inayopotea wakati wa kuchaji. Hizo ni uniti 264 kwa mwezi. Kwa shilingi 30 kwa uniti, unalipa 7,920. Umeokoa 13,680 kila mwezi, yaani 164,160 kwa mwaka, kabla hujahesabu mafuta ya injini ambayo hutabadilisha tena.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya ile betri ya 1,300,000. Akiba ya stima itachukua karibu miaka 8 kuilipa. Ndiyo, miaka 8 tena. Ndiyo maana tunasema akiba ya mafuta si pesa ya kula. Mwenye gari hili anapaswa kuwa na akaunti ya pembeni ambayo kila mwezi ile 13,680 inaingia yenyewe, na haiguswi kwa harusi, karo wala Krismasi. Ukifika mwaka wa tatu bila shida, una karibu nusu milioni. Likiharibika, hutaomba mkopo.

Kuna jambo la tokeni pia. Tangu 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamegawanywa kwa matumizi: wa chini ya uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wa zaidi ya 100. Gari peke yake litakutoa kwenye kundi la chini na kukupeleka juu. Bei ya stima ya friji na taa zako pia itapanda. Mwaka huo huo kulianzishwa tarifa maalum ya magari ya stima, yenye bei ya chini zaidi saa za usiku. Ongea na Kenya Power kuhusu masharti yake na mita ya pembeni kabla ya kununua gari, si baada.

Unaishi wapi?

Swali hili lina uzito kuliko aina ya gari. Soketi ya kawaida ya nyumbani inatoa kama kilowati 2.4 kwa usalama. Kujaza betri ya kilowati-saa 75 kutoka sufuri kutachukua zaidi ya saa 30. Hiyo inaonekana mbaya, lakini hakuna anayechaji kutoka sufuri kila siku. Ukiendesha kilomita 50 kwa siku unahitaji uniti 11, na hizo utazipata kwa saa tano hivi ukiwa umelala. Ukiwekewa chaja ya ukutani ya kilowati 7 na fundi aliyesajiliwa na EPRA, ni chini ya saa mbili.

Lakini yote hayo yanataka uwe na ukuta wako. Kama unaishi ghorofa ya nne kwenye ploti ambayo gari linalala nje ya geti, utapitisha waya wapi? Na kama mita ya parking ni ya landilodi, nani atalipa tokeni? Kutegemea chaja za madukani kila siku ni kama kutegemea maji ya jirani. Siku ya kwanza hakuna neno. Mwezi wa pili mmenuniana.

Angalia na mdomo wa kuchajia. Magari ya Uingereza na ya Japani hayafanani. Model S ya Japani ina plagi tofauti na ya Uingereza, na chaja nyingi za kasi hapa kwetu ni za CCS2, ile ya Ulaya. Hata Model S za Uingereza za kabla ya 2019 nyingi zinahitaji marekebisho na adapta kabla ya kutumia CCS. Gari linaweza kuwa zima kabisa na bado usipate pa kulichaji kwa haraka ukienda Nakuru.

Halafu kuna barabara. Sedani hizi ni nzito, zaidi ya tani mbili, na ziko chini. Betri iko kwenye sakafu. Matuta yetu mnayajua, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 Nairobi hatujayasahau. Kabla ya kununua, inua gari na uangalie bamba la chini kama limegongwa au lina kutu. Na fundi wa mtaa, hata awe hodari namna gani, asiguse nyaya za rangi ya chungwa. Zinabeba volti 400 na Taycan ni 800. Hapo hakuna kujaribu bahati. Muulize mtu wa bima pia: kama betri ikipigwa, mnalipa betri au mnasema gari limekwisha?

Akaunti ya gari ni kama laini ya simu

Jambo hili wateja wetu wataelewa haraka kuliko mtu yeyote. Unajua vile laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine inavyokuwa hatari? Gari la kisasa la stima liko hivyo hivyo. Linaunganishwa na akaunti ya mwenyewe kwa programu ya simu. Kama mwenye gari wa kwanza huko Uingereza hajaliondoa kwenye akaunti yake, simu yake inaweza kuona gari lako liko wapi, na hata kufungua milango.

Logbuku ikiwa na jina lako haitoshi. Hakikisha akaunti imehamishwa kwako au imefutwa, funguo zote za zamani zimeondolewa, na nambari ya siri ni mpya. Muuzaji akisema "hiyo tutamalizia baadaye", usimalize kulipa. Hiyo ni sawa na kununua simu ambayo bado ina PIN ya mtu.

Pesa itoke vipi?

Sasa tumefika kwetu. Haya ndiyo tunayoyasimamia.

Kwanza, usitume deposit kwa namba ya mtu binafsi. Yadi halali ina till au Paybill, na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha lifanane na jina lililo kwenye mkataba wa mauziano. Kama mkataba unasema kampuni fulani na simu inasema jina la mtu, simama hapo. Pesa uliyotuma kwa hiari yako si pesa iliyopotea njia. Mpokeaji akishaitoa, hata sisi mikono yetu imefungwa.

Pili, lipia utafutaji wa rekodi za gari kwa NTSA kabla ya kulipia gari. Ni ada ndogo, na malipo ya serikali kupitia eCitizen huenda Paybill 222222. Yeyote anayekupa namba nyingine ya "kuharakisha" anakuibia. Kama gari bado halijasajiliwa, dai cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa na stakabadhi za KRA. Kumbuka pia kwamba KRA haihesabu ushuru kwa bei uliyonunulia gari. Hesabu huanzia bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguzwa kwa umri. Gari la kifahari lililoshuka bei sana huko nje linaweza kukushangaza kwa ushuru hapa. Kwa magari yanayotumia stima pekee, ushuru wa bidhaa ulishushwa mwaka wa 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10. Ni nafuu, lakini ni sehemu moja tu ya kodi kadhaa.

Tatu, pesa kubwa ipite benki, kwa akaunti yenye jina la muuzaji, au kwa wakili. Kwa simu, muamala mmoja una kikomo cha shilingi 250,000 na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Vikomo hivyo havikuwekwa kukusumbua. Muuzaji akikwambia ugawe milioni tatu kwa vipande, utume kwa namba tano tofauti, huyo hauzi gari.

Nne, usichukue mkopo wa simu kulipa deposit. Mikopo hiyo iliwekwa kwa dharura za siku chache. Gari halijafika bandarini, na mkopo umeshaiva. Tunajua kampuni kama yetu hupata pesa watu wakikopa, na bado tunasema hivi: kama deposit haiko kwa akiba yako, gari hilo bado si lako.

Tano, deposit iandikwe masharti. Sentensi moja inatosha: "Deposit itarudishwa yote endapo ripoti ya betri itaonyesha uwezo chini ya kiwango tulichokubaliana." Tunapendekeza msishuke chini ya asilimia 80. Ripoti yenyewe itoke kwa kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, si kwa picha ya dashibodi. Muuzaji mwaminifu ataweka sahihi. Anayekasirika ameshakuambia kilicho ndani ya sakafu.

Basi nani anunue?

Kuna watakaosema tunawatisha watu wasiingie kwenye teknolojia mpya. Hapana. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Turkana. Nchi inayotengeneza stima safi nyumbani na kununua mafuta ng'ambo ina kila sababu ya kutaka magari haya. Tunataka yaje mengi. Lakini yakija mabovu, yakamaliza akiba za watu na kuoza nyuma ya yadi, mtaa mzima utasema magari ya stima ni utapeli, na tutarudi nyuma miaka kumi.

Kwa hivyo, nunua kama una mahali pako pa kuchaji, kama kuna fundi wa magari ya stima unayemjua kwa jina na si kwa tangazo, kama umeona ripoti ya betri, na kama baada ya kulipa kila kitu unabaki na akiba ya kuanzia. Moja ya hayo ikikosekana, ngoja. Au anza na gari dogo la stima la kawaida, ambalo betri yake ni ndogo na likiharibika halitakufilisi.

Rahisi na nafuu si kitu kimoja. Wale "watu watatu wanaoliulizia" wanaweza kulichukua. Kesho litatangazwa lingine.